Kiwiko cha Kinyozi

Kinyozi alikwenda hospitali kwa sababu mkasi ulikuwa ukimponyoka. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimeingia ganzi, na wateja walishaanza kumtania kwamba anayenyolewa kwake ashike masikio yake mwenyewe. Alicheka nao. Jioni alifunga kibanda akarudi kwenye chumba ambacho, tangu mkewe afariki, hakikuwa na wa kumuuliza ameshindaje.

Daktari wa upasuaji, mama mmoja wa maneno machache, alimkunja kiwiko huku akipapasa nyuma ya mfupa. Akarudia. Akatabasamu. Kwa watu wengi, alimweleza, mshipa wa fahamu hutulia ndani ya mfereji wake nyuma ya kiwiko. Wa kwake uliruka juu ya mfupa kila alipokunja mkono, kisha ukarudi. Ndivyo alivyoumbwa. Sasa ulikuwa umechoka kusuguliwa na ilibidi uhamishiwe mbele. Daktari asiyejua hilo angeweza kuukata palepale alipodhani ni salama.

Akawaita wanafunzi wake waje wajionee. Wakapanga foleni. Mmoja mmoja walimwomba radhi, wakamshika mkono, wakaukunja na kuukunjua, wakashangaa mshipa ukiwapita chini ya vidole. Kinyozi, ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akishika vichwa vya watu, alijikuta anataka kulia.

Siku ya upasuaji ilipofika akapiga kalenda. Ana mafua, alisema. Mara nyingine akasema ganzi imepungua. Uongo mtupu. Lakini kila siku ya kliniki alikuwepo, kaoga, shati limepigwa pasi, mkono wa shati kaukunja juu tayari, na wanafunzi wapya wakaletwa. Hatimaye alikuwa na mahali anaposubiriwa.

Mwishowe daktari akawatoa wanafunzi nje. Akamwonyesha kibonde kilichoanza kujichimba kati ya kidole gumba na cha shahada: msuli ulikuwa unasinyaa. Wakizidi kungoja, mkono hautarudi tena, na unyozi ndiyo basi.

"Unaogopa kisu, baba?"

"Kisu siogopi." Alitazama sakafu. "Ila mkishauhamisha huo mshipa, hawa vijana watakuja kushika nini?"

Daktari alivuta daftari la miadi. Alimpangia siku nyingine, naye akakubali, maana bila mkasi asingekuwa hata na wale wateja wa kumtania.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, vitanda vya jirani vilizungukwa na wajomba, mashangazi na watoto. Kwake palikuwa na kiti kitupu, mpaka watu wa kitanda cha pili walipokiomba. Akawapa. Daktari alipopita aliinama, akakishika kile kidole cha mwisho kilichochomoza kwenye bandeji, akakibonyeza taratibu.

"Unasikia hapa?"

Alisikia. Alisikia joto la mkono wa daktari, na hata ncha ya ukucha.

"Bado," alisema kinyozi. "Hebu shika tena kidogo."