Ubeti wa Nasike

"Leo ubeti wa mwisho nauruka," Wakoli alimwambia Lornah, mshereheshaji, nyuma ya jukwaa.

"Uruke aje, Mzee? Watu wanangojea huo tu. Hizi hotuba wanavumilia."

Alisema kweli. Tangu ahamishwe kutoka Bungoma kuja kuwa karani wa serikali hapa Kisumu, Wakoli alighani shairi lake la nchi kila Sikukuu ya Jamhuri. Ofisini walimtania kwamba hata barua ya kuomba wino angeitia vina. Hakukasirika. Nchi aliipenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira, hata inapofungwa.

Kila mwaka, akifika mwisho, alimnyooshea mkono binti yake Nasike, aliyekaa chini ya nguzo ya spika, na uwanja mzima ukageuka kumtazama. Alianza kukaa pale meno ya utotoni yakimtoka. Akaendelea hadi akahitimu uuguzi, hadi akachoka kutafuta kazi.

Jana Wakoli alimsindikiza uwanja wa ndege. Nasike alikuwa anakwenda Doha kuuguza wazee wa watu wengine.

"Baba, usinune. Nchi naipenda. Lakini kazi iko wapi?"

 Yeye, mtu wa maneno, akamwambia tu asisahau sweta. Leo asubuhi, katika nyumba yao ya Mamboleo, hakukuwa na wa kumfunga tai. Alijifunga mwenyewe, ikakaa upande.

Sasa alishika maikrofoni. Beti zilitoka vizuri, na kabla ya ule wa mwisho akainama kuaga.

"Ya mtoto!" wakapaza sauti vijana wa bodaboda. "Mzee, sema ile ya mtoto!"

Lornah akamkazia macho. Angefanyaje?

"Mwanangu akishakua..." alianza, akaishia hapo. Aliona aibu kwanza, kisha uchungu mtupu wa baba aliyeachwa.

Uwanja ukamalizia kwa furaha: "Hapa ndipo atakaa!"

Mkono wake, kwa mazoea, ukanyooka wenyewe kuelekea nguzoni. Watu wote wakageuka.

Chini ya nguzo alikuwa ameketi mama muuza njugu, beseni mapajani. Alitazama nyuma yake, kushoto, kulia. Alipoona anayeonyeshwa ni yeye, akaweka beseni chini, akajifuta mikono kwenye leso, akasimama na kumpungia.

Wakoli hakuushusha mkono.