Daktari Yupo

Kazi ya kwanza ya Mtarajiwa kila asubuhi ilikuwa kumweka daktari ofisini. Alitoa koti jeupe kabatini, akalikung'uta, akauvika mgongo wa kiti na kuchomeka kalamu mfukoni. Alifungua jalada lolote na kuliacha wazi mezani. Aliwasha feni. Mwisho alimimina chai, nusu kikombe tu, maana kikombe kikijaa watu watajua hakijaguswa. Kisha aliuacha mlango wazi kidogo, ili walio kwenye benchi wakione kiti. Sista Mkuu ndiye aliyemfundisha haya alipofika tu, bila kupepesa macho, kama anayemfundisha kufunga bandeji.

Jina la Mtarajiwa alipewa na wauguzi. Alipokuja kutumia likizo yake ndefu hospitalini ajifunze kazi, waliuliza anataka kuwa nani, akajibu bila aibu kwamba daktari. Wakacheka: karibu, Daktari Mtarajiwa. Nafasi yenyewe aliombewa na mama yake, aliyekuwa akipiga deki wodi zile kwa kibarua cha kuongezewa muda kidogo kidogo, kwa hisani ya daktari huyohuyo mwenye koti. Mama alimwonya nyumbani kwamba kule macho ni ya kutazamia na mdomo ni wa kulia chakula.

Mwanzoni aliamini. Alijua daktari yuko wodini, au chumba cha upasuaji, au kwenye kikao. Alimtafuta ili amwombe amfuate nyuma ajifunze, akazunguka hospitali nzima mpaka mlinzi akamwuliza kapoteza nini. Baadaye akaanza kunusa. Chai aliyoimimina asubuhi ndiyo aliyoimwaga jioni, imefanya utando juu. Sista Mkuu akipiga simu aligeukia ukuta. Na wagonjwa wenye uwezo, wakishanong'onezwa kitu, waliinuka benchini wakaelekea upande wa kituo cha mafuta, ambako watu walisema daktari ana zahanati yake. Lisemwalo lipo. Tangu hapo hakumwamini mtu: si sista, si mlinzi, si hata mama yake, aliyepita na ndoo akiitazama sakafu kana kwamba ndiyo iliyomwajiri. Alikuja kutafuta udaktari, akafundishwa maigizo, na lililomuuma zaidi ni kwamba alikuwa anayaweza.

Siku moja fundi viatu alimleta mkewe kwa pikapu ya jirani. Alikuwa mjamzito wa miezi saba, miguu imevimba hata ndala zake hazimwingii, amevaa za mumewe. Alishika kichwa kwa mikono miwili akisema anaona vimulimuli. Mtarajiwa hakuhitaji kitabu kujua kwamba hilo si la kungojea benchini, akamwita Sista Mkuu. Sista alimpima yule mama presha, akakunja kipimo haraka mno. Akaenda kupiga simu, uso ukutani. Aliporudi alisema daktari anakuja.

"Anatoka wapi?" Mtarajiwa aliuliza.

"Yupo," Sista akasema. "Umeanza lini kuwa polisi?"

Jua likapanda. Mwenye pikapu akapiga honi, akatuma neno kwamba ana shughuli zake. Kama wanataka awafikishe hospitali ya misheni, iwe sasa hivi. Fundi viatu akaja kusimama mlangoni mwa ofisi. Alilitazama koti, akaitazama chai, akamtazama Mtarajiwa. Alikuwa mtu wa kukagua soli kabla ya kuamini kiatu, na alikuwa na shaka.

"Binti yangu, niambie kweli. Daktari yupo, au nimpeleke mwenzangu kwingine?"

Mwisho wa korido mama yake Mtarajiwa alisimama na tambara la deki mkononi, hasugui. Sista Mkuu naye aliacha kuandika. Mtarajiwa alijua kibarua cha mama kinaisha mwisho wa mwezi, na kwamba bila neno zuri la daktari, chuo cha udaktari atakisikia kwa watu tu.

"Yupo, baba," alisema. "Katoka kidogo. Hata chai hajamaliza."

Hilo la chai hakutumwa na mtu. Aliliongeza mwenyewe.

Fundi viatu akaenda kumruhusu mwenye pikapu, akarudi kumwegemeza mkewe begani. Kabla ya adhuhuri mwanamke alikakamaa, povu likamtoka, akaanguka chini ya benchi mbele ya watu wote. Wauguzi walikimbia huku na huku, wakamchoma sindano waliyokuwa nayo, wakamwita daktari kwa sauti kana kwamba yuko chumba cha pili. Alipofika, anahema, funguo za gari zikiwa bado kidoleni, mama na mtoto wake tumboni walikuwa wameshaondoka duniani. Mama yake Mtarajiwa ndiye aliyetumwa kupiga deki pale.

Baada ya mazishi waliitwa kwa Mganga Mkuu wa hospitali. Fundi viatu alisema yake akiwa amesimama, ingawa aliombwa kukaa. Hakutaka fidia. Alishuku kwamba daktari hakuwepo, na kwamba angeambiwa hivyo mapema, mkewe angekuwa hai. Daktari alimsikiliza kwa upole, kisha akaeleza kwamba alikuwa wodini tangu asubuhi. Sista Mkuu akaeleza vivyo hivyo. Mganga Mkuu, aliyekuwa akiitazama saa yake, akamgeukia Mtarajiwa.

"Wewe ni mwanafunzi, huna upande. Siku ile daktari alikuwepo, au hakuwepo?"

"Usiogope, mwanangu," daktari akaongeza. "Sema ulichokiona. Mama yako kakulea vizuri, namjua."

Alimchukia daktari, akamchukia mama, akajichukia mwenyewe kuwazidi wote.

"Alikuwepo."

Fundi viatu alimkazia macho, akimpekua uso. Kisha mabega yakamlegea.

"Kama ni binti huyu anasema, basi," alisema polepole. "Siku ile yeye peke yake ndiye aliyenijibu kiutu." Akamgeukia daktari, akainamisha kichwa. "Nisamehe, daktari. Nilikudhania vibaya. Ni uchungu tu."

Daktari akamsamehe.

Fundi viatu akamjia Mtarajiwa, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamwombea kwa Mungu asome, afike anakotaka kufika, ili watu maskini nao wapate daktari wao.

"Amina, baba," akasema.