Anayepiga Aufuate Mwenyewe

Kocha wa timu ya raga ya wanawake ya Karakana alikuwa mpole wa kupigiwa mfano, lakini ukitaka kumwona amepandwa na mori, piga mpira teke mbele yake. Hapo mishipa ya shingo ilimtoka, mikono ikajikunja kifuani kama ya mtu aliyebeba mtoto mchanga, naye akapaza sauti: "Kumbatia!" Jina likamganda. Hata wateja waliomletea mageti ya kuchomelea walimwita Kumbatia, na wengi wao hawakujua raga inachezwaje.

Imani yake ilikuwa rahisi kueleza. Kwenye raga huruhusiwi kumrushia mwenzako mpira mbele. Unamrushia aliye nyuma yako, naye anakimbia nao mpaka aangushwe, wenzake wanauokota, wanaendelea. Njia nyingine ya kuupeleka mbele ni kuupiga teke, na ukishaupiga, wapinzani nao wanaweza kuudaka. "Mpira ni mali," Kocha alikuwa akisema. "Mali haitupwi hewani halafu ukaomba Mungu ikurudie. Haba na haba hujaza kibaba. Kumbatia!"

Maneno matamu hayo, na aliyasema kwa namna ya kumfanya mtu aamini yalitoka kwenye chuo cha makocha. Lakini tusidanganyane: yalitoka kwenye ukuta. Timu ilifanyia mazoezi kwenye ua mwembamba nyuma ya karakana za vyuma, na upande mmoja wa ua ule ulikuwa na ukuta wa ghala la mbao. Walipoanza walikuwa na mpira mmoja tu. Ukiruka ukuta, ilibidi mtu azunguke mtaa mzima, agonge geti, ambembeleze mlinzi mwenye mbwa mkali na roho ya korosho. Kocha akaweka sheria: anayepiga aufuate mwenyewe. Mhusika akienda zake kubembeleza, wengine walikaa chini, wakanywa maji, wakapiga soga. Miaka ikapita. Mipira ikaongezeka, mlinzi akahama na mbwa wake, na sheria ikabaki pale pale. Mazoea yana taabu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyethubutu kubishana naye, na huyo alikuwa damu yake: binti wa dada yake aliyemlea mwenyewe tangu utotoni, msusi mwenye saluni ndogo kando ya kituo cha mafuta, ambaye timu nzima ilimwita Msusi. Alicheza nambari kumi, yaani yule anayepokea mpira wa kwanza na kuamua uende wapi. Alfajiri, kabla ya kufungua saluni, alikuwa akienda uwanja wa shule ya msingi kupiga mateke peke yake, na Kocha alijua, akajifanya hajui.

Siku ya mechi ya mwisho ya msimu, Msusi alimkuta mjomba wake karakanani, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, anasugua kutu kwenye bomba lisilo na kutu.

"Mjomba, hujalala."

"Nimelala."

"Macho yako yanasema kingine."

Alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Ligi ya wanawake ilikuwa na timu sita, na ile inayoshika mkia huondolewa ili kupisha nyingine iliyo kwenye foleni. Daraja la pili halikuwepo. Karakana walikuwa mkiani. Wasiposhinda leo, kesho hakutakuwa na timu. Watabaki wanawake kadhaa wanaokutana sokoni na kukumbushana kwamba zamani walicheza raga. Kocha hakuoa wala hakuzaa. Kila Jumamosi yake tangu ndevu zikiwa nyeusi ilikuwa ya wanawake hawa, na wazo la Jumamosi tupu lilimtisha kuliko alivyotaka mtu yeyote ajue.

"Saruji wanatuzibia wote mstari mmoja," Msusi alisema. Saruji ni timu ya kiwanda cha saruji, na walikuwa wagumu kama bidhaa yao. "Nyuma yao hakubaki mtu, ila yule nambari kumi na tano peke yake. Niache nipige mipira michache pale nyuma."

"Ukipiga, wanadaka."

"Na nisipopiga, tunagonga ukuta mpaka tuvunjike mabega."

"Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu. Sisi tunajua kushika. Tushike."

Mjomba ni mjomba. Msusi alichukua mfuko wa jezi, wakatoka.

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama Msusi alivyotabiri. Karakana walishika mpira, wakaushika tena, wakauthamini kama yai la kuku wa kuazima. Friji, muuza nguo za mitumba mwenye mwili uliompa jina lake, alichukua mpira akagonga, akaangushwa. Wenzake wakauokota, wakagonga, wakaangushwa. Kila walipopata hatua mbili, walirudishwa moja. Kocha pembeni alikuwa amekunja mikono, anatikisa kichwa kwa kuridhika, utadhani wanaongoza.

Ndipo Msusi alipochoka kuvumilia. Alipokea mpira, akaona ile nafasi kubwa nyuma ya Saruji, wazi kama uwanja wa shule alfajiri, akaupiga. Lilikuwa teke safi. Mpira ulipita juu ya vichwa vyao, ukazunguka vizuri, ukaanguka mahali pasipo na mtu hata mmoja.

Na Karakana wakasimama.

Wote, naapa. Friji aliweka mikono kiunoni. Umeme, mwalimu wa chekechea ambaye hakuna mtu kwenye ligi aliyemshinda mbio, aliinama akafunga kamba ya kiatu. Mmoja alikwenda pembeni kunywa maji. Walimtazama Msusi kwa huruma, kama watu wanaosubiri mwenzao azunguke mtaa akagonge geti. Msusi akatimka peke yake. Nambari kumi na tano wa Saruji alikuja taratibu, hakuamini bahati yake, akauokota mpira, akampiga chenga Msusi, kisha akapita katikati ya wanawake wa Karakana waliokuwa wamesimama kama nguo kwenye kamba. Akaenda kuuweka chini nyuma ya mstari: trai, pointi tano. Wakapiga na teke la golini, mbili zaidi. Saba bila.

Watazamaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Kocha alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakati wa mapumziko aliwasubiri wote wakae, kisha akamgeukia mpwa wake. "Umeona? Umeona teke lako lilivyotuponza?"

Msusi alikuwa anahema, machozi yanamlenga, lakini hakuinamisha uso. "Mjomba, nikuulize kitu. Lile teke lenyewe lilikuwa na kosa gani?"

Kocha alikuwa mkaidi, ila hakuwa mwongo. Alilitafuta kosa. Alilirudia teke lile kichwani tangu mguu ulipoinuka mpaka mpira ulipodunda, jinsi alivyozoea kukagua kiungo cha chuma, na hakupata ufa.

"Halikuwa na kosa," alisema.

"Kocha, samahani," Friji alisema, "mimi nilikuwa namsubiri akauchukue."

"Mimi pia," alisema Umeme. "Si ndiyo sheria?"

Halafu mmoja akacheka puani, mwingine akadakia, na kabla hujajua timu nzima ilikuwa inacheka huku imefungwa saba bila. Kocha peke yake hakucheka. Alikuwa ametambua kwamba wanawake wale hawakuzembea hata kidogo. Walifanya sawasawa kile alichowafundisha, kwa utii wa miaka yote, na utii ule ndio uliowafungisha. Ilimuuma, na chini ya maumivu akaona kitu kingine: watu wanaotii namna hii wanaweza kufundishwa upya.

Alichukua mpira wa akiba, akaupiga teke kando ya uwanja. Lilikuwa teke baya, maana mguu haukuzoea. "Haya! Ukipigwa, ni wa wote! Ufuateni!"

Nusu waliinuka. Nusu waliduwaa kumwona Kumbatia akipiga teke.

"Friji! Ukisikia teke, jua kuna mtu kaokota robota lako la nguo na anakimbia nalo!"

Friji alikwenda kama lori lililokatika breki. Wakarudia, na mara ya tatu hakubaki aliyekaa. Refa alikuwa tayari anawaita. Kocha alimshika mpwa wake bega.

"Wewe uko katikati, unaona nisichokiona. Shika au piga, amua mwenyewe. Sitasema neno."

"Utaweza kunyamaza, Mjomba?"

"Nitajaribu."

Kipindi cha pili Msusi alipiga mapema, na safari hii kundi zima lilifuata, linapiga kelele. Nambari kumi na tano wa Saruji aliudaka mpira na papo hapo akafunikwa na wanawake wanne. Hawakufunga, ila Saruji walishtuka. Wakarudisha wachezaji wawili nyuma, wakaongeza wa tatu. Na hapo Kocha aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote ya kukumbatia: ule mstari wao mbele ulikuwa na mapengo. Karakana wakarudi kushika mpira kama walivyojua, mkono kwa mkono, safari hii mbele ya ukuta uliopungua matofali, mpaka Umeme akapata upenyo kandokando ya uwanja, akapaa. Trai. Saba kwa tano. Teke la golini lilipigwa kutoka pembeni kabisa, likagonga mlingoti, likakataa kuingia.

Dakika zikayoyoma. Saruji waliona ushindi unakaribia, wakaamua kuulinda. Walirudi wote kwenye mstari wao wa mbele, bega kwa bega. Karakana walikuwa na mpira katika nusu yao ya uwanja. Walishika, wakagonga, wakaangushwa, wakaokota. Refa alitazama saa. Mpira huu ukipotea, mechi imekwisha, na timu imekwisha.

Kocha alijua Msusi anaiona nafasi ile ya nyuma. Alijua pia kwamba kabla ya kuamua angetupa jicho pembeni, maana mtoto aliyelelewa na mtu hawezi kuacha kumtazama. Akahisi mikono yake inaanza kupanda kifuani yenyewe. Akaishusha. Ikapanda tena. Kama Msusi angeiona, asingepiga.

Basi Kocha akageuka. Aliupa uwanja mgongo, akawatazama watazamaji waliokaa kwenye mabenchi ya mbao, akashika chuma cha uzio kwa mikono yote miwili.

"We Kumbatia, mechi iko huku nyuma yako!" mzee mmoja alimwambia.

"Najua ilipo," alijibu.

Alisikia refa akisema kitu. Alisikia Msusi akiita mpira. Kisha akasikia teke, lile pigo zito la kiatu kwenye ngozi, na baada yake akazuia pumzi, kwa sababu alikuwa anaogopa kimya.

Hakikuja kimya. Ilikuja miguu. Miguu mingi, yote kwa pamoja, ikipita nyuma ya mgongo wake kwa kishindo hata uzio ukatetemeka mikononi mwake. Mbele yake nyuso za watazamaji ziligeuka zote kuelekea kulia. Mwanamke mmoja akasimama, chupa ya soda ikamdondoka. Watoto wakapanda juu ya mabenchi. Nyuso zikafurahi, zikaogopa, mtu akafunika macho, na mzee yule aliyemdhihaki akashika kichwa. Kocha aliwatazama kwa kiu, akijaribu kusoma mpira uko wapi kwenye macho yao, na hakuthubutu kugeuka, kana kwamba jicho lake lingeuharibu.

Filimbi. Kisha watazamaji wote wakaruka.

Alipogeuka aliona rundo la miili nyuma ya mstari wa Saruji, refa ameinua mkono, na chini ya rundo mguu mmoja mnene wa Friji unapigapiga nyasi kwa furaha. Kumi kwa saba, na muda umekwisha. Akakaa palepale chini, fundi mzima mwenye mvi, akalia bila kujificha.

Msusi ndiye aliyefika wa kwanza, tope mpaka kwenye nyusi. "Mjomba! Umeona?"

"Sikuona."

"Hukuona nini?"

"Sikuona kitu, mwanangu. Niligeuka."

Msusi alimtazama, akaelewa. Kisha akakaa chini kando yake. Wengine wakaanza kufika, wanachechemea, wanakumbatiana. Friji akajitupa kwenye nyasi akataka maji. Umeme akasimama nyuma yao, mikono magotini.

"Basi nisimulieni," Kocha alisema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Polepole. Anzeni pale alipopiga."

"Alipiga," Friji alianza, "nikajiambia, leo..."

"Wewe ulikuwa nyuma huko, utajua nini?" Umeme akamkata. "Mimi ndiye niliyeudaka!"

"Na ukaangushwa! Nani aliuokota?"

Wakaanza kusema wote kwa mpigo, kila mmoja na teke lake, kila mmoja na mbio zake, na hakuna aliyekubali kuwa alibaki nyuma. Kocha aliwasikiliza, mara huyu, mara yule, na kila walipofika mwisho aliwaomba waanze tena.