Likizo ya Mtu Asiyepona

Walikuwa wameshafika katikati ya daraja la Rusizi, Nyirahabineza mbele, mumewe Parfait nyuma akitembea kama anakanyaga miiba, Maman Feza alipowafikia akihema. Huyu alikuwa mchuuzi wa Bukavu, na siku hiyo trei za mayai zilimjaa kichwani na mikononi.

"Papa Elikia, unisaidie hizi mbili tu. Nikipita nazo zote, batu ba duane batanikula miye na mayai yangu."

"Huyu mgonjwa, Maman," Nyirahabineza alisema.

"Mayai si mawe, mama. Mugonjwa hashindwi na yai."

Pale mpakani, mbele ya watu wa forodha, nani anamkatalia mwenzake kumvushia kamzigo? Leo wewe, kesho yeye. Parfait akazipokea. Alikuwa anakwenda kumsalimia mama yake kule Bukavu, basi. Kiwanda cha kukoboa mpunga kule Bugarama kilikuwa kimempa likizo ya ugonjwa yenye mshahara, baada ya mifupa kumwangusha katikati ya magunia akilia kama mtoto. Karatasi ya daktari ilisema apumzike, haikutaja anaumwa nini. Mshahara ule ndio uliokuwa ukiwalisha. Shamba hawakuwa nalo, na ukikatwa, wataanza kula nini?

"Weee, Parfait!"

Cassien, msimamizi wa zamu kiwandani, alikuwa anarudi kutoka Bukavu, simu imeshainuliwa. "Mgonjwa wetu huyo! Mifupa imefufuka? Cheka basi nikupige picha."

Na Parfait akacheka, mjinga wa watu, trei mbili kifuani kama mtu aliyeshinda zawadi.

Hawajafika hata kwa mama mkwe, picha imeshaingia kwenye simu ya kila mfanyakazi. Ofisi ikapiga: kesho asubuhi uje ujieleze. Nyirahabineza alikaa chini palepale kando ya barabara, juu ya vumbi, na kitenge chake kizuri.

Kesho yake Parfait na mkewe hawakwenda mikono mitupu, walikwenda na Maman Feza. Madamu Marguerite, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa ameilaza simu mezani, picha juu. Cassien amesimama ukutani, kifua mbele.

"Trei zangu hizo," Feza alianza kabla hajapewa kiti. "Ni miye nilimupa. Na huyu bwana wa picha, muulize! Siku ile nilimupa kuku mbili anivushie, akafika na moja. Ati ingine imeruka mutoni!"

Madamu alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Cassien akaanza kuangalia viatu vyake.

"Haya, yamekwisha," Madamu alisema, akachukua kalamu. "Daktari ameomba likizo iongezwe, na mimi nitaiongeza. Niambie tu, Parfait, utapona lini?"

"Kabla ya mavuno," Nyirahabineza akadakia. "Ni baridi yabisi tu, Madamu. Aliipata kwenye maji ya mpunga."

Parfait akasema, taratibu, "Sitapona."

Kalamu ikasimama.

"Si baridi yabisi. Ni drepano, selimundu. Nilizaliwa nayo. Damu inajikunja, inaziba njia, mifupa inaungua. Inakuja, inakwenda, inarudi. Nimechoka kudanganya, Mama Elikia."

Nyirahabineza alimtazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Miaka yote hiyo kitanda kimoja! Amemkanda kwa mafuta, amemchemshia majani, amemgombeza kwa kuoga maji baridi, na yeye anaitikia tu, ndiyo mke wangu, ni baridi.

"Unasema nini wewe? Na mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na mtoto? Parfait, na Elikia wetu je?"

Nyirahabineza akavuta kiti chake, akakaa mbali naye.

Madamu Marguerite alifunika kalamu. "Likizo hii ni ya mtu anayeumwa akapona," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Wakubwa wanataka tarehe ya kurudi. Ugonjwa usio na mwisho, mimi naandika nini hapo?"

"Uandike vile amesema!" Feza alifoka. "Si umesikia?"

Safari hii hakucheka mtu.

Likizo haikukatwa. Iliisha siku yake, haikuongezwa. Parfait alirudi kwenye magunia, mvua zilipoanza akaanguka tena, na kiwanda kikaachana naye. Sasa ana kibanda cha kuchaji simu Kamembe, na siku anazoumwa anafunga. Cassien ni msimamizi vilevile. Madamu Marguerite alihamia Kigali. Elikia alipimwa, akakutwa amerithi nusu tu, ya upande wa baba, haumwi. Nyirahabineza alihamia kwa dada yake kule Nzahaha, akakaa huko msimu mzima wa maharage, halafu akarudi. Na mama mkwe, aliyejua siku zote, Nyirahabineza hamsalimii mpaka leo. Maman Feza bado anavuka.