Tai ya Siham

Bi Wadad aliingia studio akiwa na hasira zake. Ngazi zilikuwa nyingi, na lifti, kama kawaida ya Beirut, ilikuwa imelala pamoja na umeme. Miaka themanini na moja si mchezo. Mkobani alikuwa na picha moja, aliyopigwa mjini Saida alipokuwa msichana, akiwa bibi harusi wa kuigiza. Bwana harusi mwenye suti ni msichana mwenzake, Siham, ambaye majirani walimjua kwa miaka arobaini kama binamu yake.

Siham sasa ni marehemu. Yumna, aliyekuwa akitengeneza video ya wimbo kuhusu wanawake waliopendana enzi hizo, aliomba kuiigiza picha ile. Bi Wadad alikubali kwa sharti: picha yenyewe isionyeshwe, wala sura yake isionekane.

"Sikumsitiri maisha yote nije nimwanike kaburini," alisema.

Mbele ya pazia la maua walisimama wasichana wawili, mmoja na shela, mwingine na suti, wakichekeana kwa macho malegevu.

"Hebu acheni!" Bi Wadad aligonga mkongojo. "Tungetazamana hivyo, mpiga picha angetutimua!"

"Si ulisema mlicheka, Shangazi?" aliuliza Yumna.

"Tulicheka ili adhani ni utani. Wasichana wote wa Saida walikuwa wakiigiza maharusi pale, maana kupiga picha pamoja na mwanamume ilikuwa aibu. Nani angeshuku? Lakini akisema 'msipumue', akianza kuhesabu, sisi tulinyamaza. Kutoka mbili hadi tatu hatukuigiza kitu."

Fundi wa taa, zilizowashwa kwa jenereta, aliacha kutafuna mkate wake wenye viungo vya zaatari.

Wakaanza upya. Wasichana walicheka, Yumna akasema, "Msipumue. Moja, mbili..." Kicheko kikakatika. Nyuso mbili zikaitazama kamera, tulivu, bila woga. Watu thelathini walibana pumzi mle ndani na hakuna aliyewaagiza. Miaka sitini Bi Wadad alidhani sekunde ile ilikufa siku ileile, na kumbe hii hapa, inapumua mbele yake.

Miguu ikampeleka yenyewe hadi kwa yule wa suti.

"Tai imekwenda upande. Siham naye hakujua kuifunga, maskini."

Akaifunga upya, kisha akalibusu fundo, kama alivyofanya siku ile nyuma ya pazia.

Yumna alikuwa akilia. "Shangazi, nisamehe. Kamera haikuzimwa. Umeonekana sura nzima. Nifute?"

"Thubutu! Ukifuta, nitakufuta wewe." Bi Wadad alitoa picha mkobani, akamkabidhi. "Na hii iweke kwenye video. Huyu wa suti mwandike jina lake kamili."

"Na wewe nikuandike nani? Binamu yake?"

"Binamu wa wapi? Andika mkewe."