Upande wa Kushoto wa Merikebu

Mkataba wenyewe waliufungia jikoni, mbele ya sufuria la maji ya kuogea mtoto, na shahidi akawa huyo huyo mtoto, mwenye miezi minane na meno mawili.

"Nikiimaliza hii merikebu ya vijiti kwa mkono huu," fundi alisema, akiuinua mkono wake wa kulia kwa msaada wa ule wa kushoto, "chumba kinabaki changu mimi na cherehani yangu. Nikishindwa, toeni kila kitu, mtie kitanda cha mtoto na meza yako ya vitabu. Wala sitanuna."

"Utanuna, Baba," mkamwana wake alimjibu.

"Nitanuna siku mbili. Ya tatu nitakula."

Mtoto akapiga maji kofi, mambo yakawa yamekwisha.

Fundi alikuwa ameshona suruali miaka thelathini na nne katika chumba kile cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Kisha asubuhi moja, miezi mitano nyuma, kiharusi kilimkuta amesimama na chaki mkononi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, maneno yakarudi yote pamoja na matusi yake madogo. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimpa mpira wa kuminyaminya. Fundi akauangalia, akasema yeye si mtoto, akampa mjukuu, naye akautafuna mpaka hamu ikamwisha.

"Basi mtafutieni kazi ya vidole," yule mtaalamu alisema, "ndogondogo, inayoudhi. Mkono haurudi kwa kuombwa. Unarudi kwa kutumwa."

Ndipo mwanawe, anayeendesha mashine ya kupandisha mizigo ghalani, alipokuja na boksi lililobonyea pembe moja, la bidhaa ambazo duka lilizikataa. Ndani yake mlikuwa na merikebu ya milingoti mitatu, ila ilikuwa bado vipande: vijiti, vibao vyembamba kama njiti za kiberiti zilizorefuka, nyuzi, na karatasi ya maelekezo yenye lugha sita, na hakuna hata moja waliyoijua vizuri.

Sasa ukweli usemwe. Mkamwana alikitaka kile chumba. Alikitaka kama mtu anavyotaka maji. Chumbani kwao kitanda cha mtoto kilibana kabati, mlango wa kabati ukawa unafunguka nusu, na shati la mumewe lilitolewa kwa kuvuliwa kama samaki. Yeye mwenyewe alikuwa anasoma masomo ya jioni, apate ile elimu iliyomkatikia njiani, na kitabu chake cha hesabu alikiegemeza kwenye kopo la sukari huku anakoroga uji. Mtihani ulikuwa miezi mitatu mbele. Na babamkwe wake alimpenda yeye pia, hakuna asiyejua. Alimpenda, na chumba alikitaka. Vyote viwili vililala ndani ya moyo mmoja, kila kimoja kikimsukuma mwenzake ukutani.

Kazi ilianza vizuri. Fundi aliunganisha mkuku, ule uti wa mgongo unaopita chini ya merikebu, akausimamishia mbavu zake moja moja. Gundi ilitaka kubanwa hadi ikauke, kwa hiyo alichukua vibanio vyote vya nguo vilivyokuwa uani. Siku ya pili upepo ulibeba nguo zilizoanikwa, na jirani, mwanamke mwenye mdomo wake, akaja amenyanyua bukta ya fundi kwa vidole viwili.

"Merikebu yenu imepoteza tanga," alisema.

"Lirudishe, nahodha atashikwa na baridi!" fundi alijibu kutoka ndani. Nyumba ilicheka, na ilikuwa muda mrefu haijacheka hivyo.

Kisha wakafika kwenye vibao vya kuvisha ubavu. Mkamwana, akiwa na mtoto kiunoni, aliitazama karatasi. Ilikuwa na picha yenye mishale: kibao kimoja kushoto, kimoja kulia, cha pili kushoto, cha pili kulia, hivyo hivyo hadi juu.

"Baba, wanasema uende kwa zamu. Huku kimoja, huku kimoja."

"Nani wanasema?"

"Karatasi."

"Hiyo karatasi imeshona suruali ngapi?" Fundi hakuinua hata macho. "Sikiliza, mwanangu. Unashona mguu mmoja, unaumaliza, unaupiga pasi. Ukishakaa sawa, wa pili unaufuata kama kivuli. Ukirukaruka huku na huku utapata suruali ya mlevi."

Aliambiwa mara moja. Mara ya pili mkamwana hakusema. Aliikunja karatasi akaiweka juu ya friji, akaenda kumbadilisha mtoto nepi, na ile nepi aliifunga kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyohitaji.

Siku tisa zilipita. Upande wa kushoto ulijaa, kibao juu ya kibao, mzuri wa kupendeza, umepigwa msasa hadi ukawa laini kama shavu la mjukuu. Ijumaa asubuhi fundi alivitoa vibanio vya mwisho, akaiweka merikebu mezani. Ikayumba. Akaishika, akaiweka tena, ikayumba tena. Akaigeuza, akafumba jicho moja, akautazama mkuku kutoka nyuma kama anavyotazama mkunjo wa suruali.

Ulikuwa umepinda. Gundi ilipokauka ilikuwa imevuta, na kwa kuwa upande wa kulia haukuwa na kitu cha kuvuta upande wake, uti wote ulikwenda kushoto kama ndizi.

Fundi hakutukana. Hilo ndilo lililomtisha mkamwana.

"Leta futi," alisema taratibu. "Ipo kwenye droo. Upime kitanda kitakaa wapi."

"Baba..."

"Mkataba ni mkataba. Huo ni ubao, si kitambaa, na mimi sina mkono wa kuanza tena. Leta futi, mama."

Akaenda, akafungua droo, akaishika futi. Na hapo droo ikiwa wazi, alikiona chumba chote: kitanda pale pembeni penye kivuli, meza yake chini ya dirisha, kitabu kimelala wazi bila kupakwa uji. Ilikuwa ni kuinyoosha futi tu. Angepima, angesema pole, na asingekuwa amemwibia mtu.

Alipogeuka alimwona fundi amekaa, macho barabarani. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, umesahauliwa na mwenyewe, na ulikuwa unachezea kibanio cha nguo: kidole gumba na cha shahada vilikibana, vikakiachia, vikakibana. Mwezi mmoja na nusu nyuma mkono ule ulikuwa hauwezi kushika kijiko. Mkamwana ndiye aliyekuwa akimlisha.

Futi akairudisha kwenye droo.

"Baba, nina neno. Ile karatasi niliielewa. Nilijua itapinda. Nikasema mara moja, nikanyamaza."

Fundi aligeuza shingo. "Kwa nini?"

"Nakitaka chumba."

Fundi akakiona kibanio mkononi mwake, akakiweka mezani.

"Na mimi nilikusikia ile mara ya kwanza," fundi alisema mwishowe. "Hata picha niliichungulia ulipotoka. Nikaona mishale. Nikasema, mkamwana wangu wa juzi tu atanifundisha kushona?" Akajikuna kidevu. "Tuko wawili, basi. Mwizi na mkaidi."

"Mwizi ni nani hapo?"

"Chagua wewe. Mimi linanifaa lolote."

Mkamwana alicheka huku machozi yanamtoka, akavuta kiti akakaa. "Mteja akirudisha suruali, mshono umevuta, unafanyaje?"

"Ukiwa umekauka na pasi, unaweka kitambaa kibichi, unaupa mvuke. Ukilainika unau..." Akaitazama ile merikebu. "Pasi ipo wapi?"

Ikaletwa. Wakalowesha kitambaa, wakakikamua, wakakitandaza juu ya ubavu wa kushoto, na fundi akaishusha pasi kwa mkono wake wa kulia, wa kushoto ukimshika kiwiko. Mvuke ulipanda ukinuka gundi na maziwa yaliyochacha. Walisubiri. Alipoingiza ncha ya kisu, kibao cha juu kabisa kiliachia bila kuvunjika, kikainuka kama ukucha.

"Pole pole," mkamwana alinong'ona.

"Usinisemeshe, napasua maiti."

Viwili vilivunjika, lakini boksi lilikuwa na vya akiba. Vingine vyote vilitoka. Mkuku waliufunga kwenye rula ya chuma usiku kucha, na kesho yake ulikuwa umenyooka, au karibu na kunyooka. Kisha wakaanza tena, safari hii mkamwana akisoma karatasi kwa sauti huku anamlisha mtoto.

"Kushoto, cha kwanza."

"Kimekaa."

"Kulia, cha kwanza."

"Hicho kinanibishia. Haya, kimekaa."

Ikawa hivyo wiki tatu. Milingoti ikafuata, kisha kamba, na kila kamba ilitaka fundo dogo kuliko punje ya mchele. Fundo la mwisho fundi alilifunga mchana wa Jumapili, mkono wa kushoto ameutia mfukoni ili usimsaidie. Lilimchukua dakika arobaini. Lilimponyoka mara sita, na mara ya saba lilikaza. Mwanawe, aliyekuwa amebana pumzi mlangoni, alipiga makofi peke yake.

Merikebu ilikuwa imeegemea kushoto kidogo, ukiitazama kwa jicho baya.

"Chumba changu," fundi alisema.

"Chumba chako, Baba," mkamwana alijibu, na alikuwa anafurahi kweli, ingawa macho yalimwendea dirishani.

Jumanne mkamwana alirudi kutoka darasani akamkuta fundi akipindia suruali ya dereva wa lori, mteja wake wa kwanza, ambaye alikuwa amesimama pale na bukta akisubiri. Meza ndefu ya kukatia ilikuwa imesogezwa. Nusu ya ndani ilikuwa na vitambaa. Nusu ya dirishani haikuwa na kitu, ila kiti.

"Mkataba ulisema chumba ni changu," fundi alisema, mguu ukikanyaga cherehani. "Haukunikataza mgeni. Kitanda cha mtoto hakienei, mtavumiliana na kabati lenu. Wewe kaa hapo."

"Kelele za cherehani hazitanisumbua?"

"Zitakusumbua sana."

Akakaa. Akaweka vitabu, akafungua hesabu.

"Shemeji," dereva wa lori alisema kwa adabu, "ukigeuka kidogo utanisaidia."

Akageuza kiti akampa mgongo, akaanza swali la kwanza.