Mara Tatu Juu ya Meza

Mwalimu mkuu alikuwa ameshakata shauri: kama darasa la Kifaransa halina vitabu ifikapo Jumatatu, vipindi vyake vinapewa hesabu. Vitabu havikuwepo. Masomo aliyoyarekodi marehemu dada yake mwalimu wa Kifaransa yaliteketea na kompyuta iliyoungua, pamoja na sauti yake. Mwalimu alirithi darasa hilo kwa dada, na sasa lilikuwa linamponyoka.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, aliingia chumba cha kompyuta. Fundi, ambaye shule nzima ilimwita Miwani, alimtupia jicho.

"Mwalimu, mbona uso kama umemeza ndimu?"

"Masomo ya dada, Miwani. Ndiyo basi tena."

"Basi kitu gani? Si aliyaweka mtandaoni bure? Anayetaka achukue, agawe, hata arekebishe?"

"Ule ukurasa ulifungwa mwaka jana."

"Ukurasa, sawa. Na waliochukua, nao wamefungwa?"

Mwalimu akavuta kiti. Miwani akaandika jina la dada, akabofya, akangoja, akabofya tena.

"Njoo uone maajabu!"

Mwalimu mmoja wa nchi ya mbali aliyachukua masomo yale kumi na mawili, akayatilia picha na mazoezi. Wengine wakaongeza, yakafika arobaini. Na juu ya kila somo, jina la dada.

Mwalimu alibonyeza la kwanza. Ko, ko, ko. Kisha sauti ya dada, ileile, ikasalimia kwa Kifaransa.

Dada hakuwa akianza somo bila kugonga meza mara tatu, apime kama mashine inasikia. Machozi yalimtoka mwalimu huku akicheka, maana chini ya somo yule mgeni alikuwa ameandika maelekezo: mwanafunzi agonge meza mara tatu, ndipo ajibu.

"Kadhani ndiyo mbinu!" Miwani alishika mbavu. "Niyafute?"

"Thubutu! Ukigusa hapo tutakosana."

Walichapa nakala mpaka wino ukakauka.

Jumatatu mwalimu mkuu alisikia kishindo darasani, akaja mbio akidhani madawati yanavunjwa.

"Humu kuna nini?"

"Kifaransa, mkuu. Vitabu vimefika."

Alipokea nakala, akafunua, akasoma lile jina la dada. Kisha akaketi dawati la nyuma.

"Endelea, mwalimu."

Sauti ya dada iliuliza swali. Darasa zima likagonga, na kule nyuma, taratibu, ngumi moja ya mtu mzima nayo ikagonga: ko, ko, ko.